Majira ya Kuchanua na ya Kupogoa katika Tarime na Serengeti

Walimu wenzetu wengi huandika katika daftari la bustani ya shule, "Mwezi fulani, kupogoa," kana kwamba mti husoma kalenda. Desturi hiyo imetoka katika vitabu vya Ulaya, na huko yafaa. Mjini London mchana wa Juni hupita saa 16, na wa Desemba haufiki saa 8. Miti huuona mwanga ukipungua, ikalala. Lakini Tarime iko kusini ya Ikweta kwa digrii moja na kitu tu, na kati ya mchana ulio mrefu kupita yote na ulio mfupi kupita yote pana tofauti ya dakika kama 10. Mti gani utahisi hayo? Saa ya mimea yetu ni mvua.

Hata majina ya majira yatupasa kuyatumia kwa hadhari. Masika, kipupwe, vuli na kiangazi ni maneno ya pwani, yaliyozaliwa pamoja na pepo za kaskazi na kusi. Kwetu mvua huletwa pia na Ziwa Viktoria, na katika milima ya Tarime mwezi usio na tone ni nadra. Upande wa Serengeti, toka Mugumu kuelekea mbugani, ukavu wa Juni hata Septemba ni mkali zaidi. Mwalimu ahamaye kutoka Tarime kwenda Mugumu asizifunge tarehe zake pamoja na mizigo.

Mti ulio mwalimu bora katika jambo hili ni mbuni, ambao watu wa milima ya Tarime hulima kwa ajili ya kahawa. Matumba yake hufanyika penye vifundo vya tawi, kisha wakati wa ukavu husimama, hayakui. Ikinyesha mvua ya kutosha, yaamka. Baada ya siku 8 hata 12 shamba lote ni jeupe, lanukia kama asmini, na siku ya tatu maua yamekwisha kunyauka. Tangu ua hata buni kuiva ni miezi 7 hata 9. Basi ua la Machi huvunwa kati ya Oktoba na Desemba. Na kwa kuwa tuna mvua mbili kwa mwaka, mara nyingi mti mmoja huwa na buni mbivu, mbichi na matumba pamoja. Mpogoaji hawezi kungoja siku ambayo hatapoteza kitu. Huchagua tu siku ya kupoteza kidogo. Kwetu siku hizo ni za Januari na Februari, mavuno makubwa yakiisha na masika hayajaanza.

Tulijifunza hayo kwa hasara. Miaka mingi iliyopita, katika shule moja ambayo haina haja ya kutajwa, tuliwapa wanafunzi visu na misumeno wiki moja baada ya mvua ya kwanza, maana ndipo ardhi ilipokuwa laini na kazi za bustani zilipoanza. Tuliwaambia, "Kateni matawi." Wakakata kweli. Matumba yalikuwa yamekwisha kuwa meupe, membamba kama mishumaa, yakaanguka chini na matawi yake. Mwaka ule shule haikupata kahawa ya kuuza, na madaftari yaliyotegemea fedha ile hayakununuliwa.

Kosa lilikuwa la majira, lakini lilikuwa la neno pia. Kukata ni kukata tu. Kupogoa ni kukata kwa kujua kitakachobaki. Mbuni huzaa juu ya mti wa mwaka uliopita. Kifundo kilichokwisha kuzaa hakizai tena, na kila mwaka mazao yasogea kuelekea ncha, hata tawi likawa uchi karibu na shina. Hilo ndilo la kuondolewa. Lakini tawi changa lililoota moja kwa moja katika shina likikatwa penye shina, mahali pale halioti jingine. Maotea yanyonyayo shina yaondolewe mara kwa mara, mwaka mzima, yangali laini. Mwenye shaka aulize Sirari, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania ina kituo chake kidogo. Makao yake makuu yako Lyamungu, penye uchunguzi wa kahawa tangu 1934.

Mwaridi ni kinyume cha mbuni. Huo huchanua juu ya chipukizi jipya, kwa hiyo kuupogoa ni kuuita uchanue, na maua huja baada ya wiki 6 hata 8, zaidi kidogo penye baridi. Atakaye mawaridi ya Krismasi apogoe wiki ya mwisho ya Oktoba, akamwagilie maji ikiwa vuli imechelewa. Mkrismasi haudai hata hilo: wenyewe hujaa maua mekundu Novemba na Desemba, ndiyo maana ukapewa jina lile. Ukiwa lazima upunguzwe, kwa kuwa umeingia juu ya paa, ungojewe mpaka maua yamekwisha kupukutika.