Nani kahamia kwenye kiota cha mbayuwayu wako?

Kama unaishi Tegeta, Bunju, Mbagala au Chamazi, hebu inua macho uangalie kona ya baraza. Huenda kuna kiota cha udongo kimeshikilia chini ya dari, na ndege wanaingia na kutoka mbio. Wengi wetu tunasema "mbayuwayu hao" na habari inaishia hapo. Kumbe hapo juu kunaweza kuwa na mgogoro wa nyumba!

Tuanze na fundi. Mbayuwayu mdogo mwenye michirizi, kitaalamu Cecropis abyssinica, ana kichwa cha rangi ya kutu na kifua cheupe chenye mistari myeusi. Mvua ikinyesha, anashuka dimbwini, anachota tope kwa mdomo, tonge baada ya tonge, mamia ya matonge. Dume na jike husaidiana mpaka wapate chumba kilichofunikwa, chenye mlango kama shingo ya chupa iliyolazwa. Kunguru hapiti hapo.

Sasa anakuja mpangaji asiyealikwa: teleka. Anafanana sana na mbayuwayu, lakini si wa ukoo wake. Miguu yake ni mifupi na dhaifu, inafaa kung'ang'ania ukutani tu, kwa hiyo hawezi kutua chini akachota tope. Manyoya na nyasi kavu huvidaka angani, kisha huvigandisha kwa mate. Teleka mdogo, Apus affinis, hujijengea hivyo kwenye maghorofa na madaraja. Lakini binamu yake mwenye mkia wa panda, Apus caffer, kwa kawaida husubiri mbayuwayu amalize kazi, kisha humfukuza na kuingia yeye.

Utamjuaje? Angalia mlangoni. Ukiona manyoya yamejitokeza kwenye ile shingo ya udongo, ujue nyumba imebadili mwenyewe.

Usimchukie teleka, maana anamtegemea sana fundi. Miaka ya 1960 ilipogundulika kwamba anazaliana Hispania, alikutwa kwenye viota vya mbayuwayu wa huko, jamaa wa huyu wetu, anayejenga kwa mtindo uleule.

Hapa ndipo sisi tunapoingia. Uani tunapanga vitofali, madimbwi ya tope yanakwisha. Tukipaka rangi, fagio linapita na kiota kinaanguka. Mbayuwayu huyu hupenda kukarabati kiota cha zamani na kukitumia tena, kwa hiyo ukikibomoa umemrudisha kwenye msingi. Na viota vikipungua, ugomvi kwa vilivyobaki unazidi. Yaani fagio moja linaweza kuwakosesha makazi ndege wa koo mbili, ambao wote wanaishi kwa kula wadudu warukao kuzunguka nyumba yako.

Basi fundi rangi akifika, mwambie airuke ile kona. Kama kinyesi kinakukera, pigilia kibao kidogo chini ya kiota, kazi imekwisha. Halafu kaa barazani jioni uangalie: nani anaingia leo?