Shule moja imefurika, jirani yake ina nafasi: mstari upite wapi?

Kila Januari hapa Pwani ni mtindo mmoja. Mzazi ana cheti cha kuzaliwa mkononi na mtoto ubavuni, anazunguka kutoka shule hadi shule akitafuta nafasi ya Gredi ya Kwanza, na lile lango analolitaka yeye ndilo wanalolitaka wote. Ndani ya lango hilo watoto wamebanana wanne kwa dawati. Na mara nyingi, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka hapo, kuna shule nyingine ya serikali ambayo mwalimu mkuu wake angewapokea hao waliokosa kwa mikono miwili.

Kwa hivyo nimekuwa nikisikia, barazani na hata katika mikutano ya wazazi, watu wakiuliza kwa nini kusichorwe mipaka. Wa mtaa huu waende shule hii, wa ng'ambo ya barabara waende ile. Wazo si baya. Lakini lina mambo yake, na nchi zilizolitumia zimeyaona.

Sisi kwa mazoea hatuna mipaka ya aina hiyo katika shule za msingi za umma. Katiba, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 28, inataka shule ziwe katika umbali unaofikika. Hayo ni kuhusu haki ya mtoto kupata shule. Shule ipi hasa, mzazi ndiye anayehangaika, na mwalimu mkuu ndiye anayekubali au anayesema nafasi zimekwisha. Ndiyo maana utaona mtoto wa Bamburi anapanda matatu alfajiri kwenda kusoma kisiwani, akipita shule tatu njiani.

Marekani ni kinyume. Sehemu nyingi huko, anwani ya nyumba yako ndiyo inayoamua shule ya mtoto wako. Mstari umechorwa kwenye ramani, na shule ikifurika, wakubwa wa elimu wanausogeza mstari. Kesi ninayoipenda kuitaja ni ya Brooklyn, jijini New York, kwa sababu inafanana na mambo yetu kuliko mtu angedhani.

Kulikuwa na shule mbili hazifiki maili moja kutoka moja hadi nyingine. P.S. 8, katika mtaa wa watu wenye uwezo wa Brooklyn Heights, ilikuwa imejaa hadi watoto wa eneo lake lenyewe wanawekwa kwenye orodha ya kungoja. P.S. 307, karibu na nyumba za serikali za Farragut, ilikuwa na vyumba vitupu. Katikati yao kuna Dumbo, mtaa wa maghala ya zamani yaliyogeuzwa kuwa fleti za bei ghali. Wenye fleti walikuwa wakipeleka watoto P.S. 8. Mwaka 2015 idara ya elimu ya jiji ikapendekeza Dumbo na mtaa jirani wa Vinegar Hill zihamishiwe eneo la P.S. 307.

Kwa hesabu ya vyumba, jambo lilikuwa jepesi. Kwa watu, lilizua moto, na moto huo uliwaka pande zote mbili. Wazazi wa Dumbo walisema wamenunua nyumba wakijua shule ni ile, na sasa wanapelekwa kwenye shule yenye alama za chini za mitihani. Hilo lilitarajiwa. Ambalo wengi hawakulitarajia ni kwamba wazazi wa P.S. 307 nao hawakufurahi. Watoto wao, karibu wote Weusi na Walatino na wengi kutoka familia maskini, walikuwa na shule waliyoijenga kwa jasho: walimu waliowajua, na lugha ya Kichina ikifundishwa tangu chekechea. Walijua pia kwamba P.S. 8 yenyewe, miaka ya nyuma, ilikuwa shule ya watoto kama wao, yenye nafasi tele, hadi wenye uwezo walipoingia na ikageuka. Wakauliza: wakija hawa, baada ya miaka mitano sisi tutakuwa wapi? Na kuna fedha za serikali kuu ya Marekani zinazotolewa kwa shule zenye watoto wengi maskini. Watoto wa matajiri wakiongezeka, fungu hilo linaweza kuondoka, na wale maskini bado wapo.

Kulizungumzwa kuhifadhi sehemu ya nafasi kwa watoto wa familia zisizo na uwezo. Kura ikaahirishwa ili watu wasikizwe, na Januari 2016 baraza la elimu la eneo hilo likapitisha mipaka mipya. Mwandishi Nikole Hannah-Jones, ambaye binti yake alikuwa akisoma P.S. 307, aliyaandika hayo kwa urefu katika jarida la New York Times mwaka huo huo. Jambo moja la utaratibu wao nalisisitiza: baraza lile ni la wazazi, na bila kura yake mstari hausogei.

Sasa tuje nyumbani, tupige hesabu. Nambari hizi ni za mfano tu. Tuseme shule ya kwanza ina watoto 1,440 katika vyumba 18, yaani 80 kila chumba. Jirani yake ina 360 katika vyumba 12, yaani 30. Tukichora mstari wa haki, watoto 360 wanahama, na kila chumba katika shule zote mbili kinabaki na 60. Umemtoa mtoto kwenye 80, hilo ni jema sana. Lakini 60 bado ni msongamano. Ukitaka 45 kwa chumba, unahitaji vyumba 40 na wewe unavyo 30. Vile 10 vilivyobaki ni saruji na mabati, si ramani. Kwa hivyo yeyote atakayekuja kutuuzia mipaka kama badala ya madarasa mapya, tumwangalie vizuri.

Halafu kuna pesa. Fedha za mgao wa elimu bila malipo, shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, zinamfuata mtoto aliyesajiliwa. Watoto 360 wakihama, shule ya kwanza inapoteza shilingi 511,200 kwa mwaka. Hebu jiweke mahali pa mwalimu mkuu mwenye mlinzi wa kulipa na bili ya maji. Ndiyo maana wengine wanalalamikia msongamano mchana na kuandikisha zaidi jioni. Mimi siwalaumu sana. Mgao umepangwa hivyo, na kila mtu anacheza ngoma inayopigwa. Walimu nao ni wa TSC. Mtoto anaweza kuhamishwa kwa wiki moja, lakini mwalimu asipomfuata, umehamisha shida tu.

Mtoto aliyekwisha zoea shule yake haifai kung'olewa, hata New York hawamng'oi. Mstari mpya unawahusu wanaoanza. Kwetu hapo ndipo penye fundo. Mtoto haanzi Gredi ya Kwanza, anaanza PP1, na mara nyingi chekechea iko ndani ya ua wa shule hiyo hiyo. Chekechea ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Msingi ni kazi ya serikali kuu. Ukichora mstari wa Gredi ya Kwanza bila kuwahusisha watu wa kaunti, mtoto atakuwa ameshakaa ua ule miaka miwili, na mamake ameshajuana na kila mtu pale. Nani atamtoa? Na tangu Gredi ya 7 iwekwe katika shule za msingi mwaka 2023, ikafuata ya 8 na ya 9, ua uliokuwa na madarasa manane sasa una tisa, pamoja na maabara inayotakiwa kupatikana mahali. Mstari wa PP1 leo utachukua miaka mingi kumaliza kazi yake.

Lakini kizingiti kikubwa kwetu nadhani ni jiografia, na mtu aliyekaa Nairobi na ramani hawezi kukiona. Kilomita moja ya ramani si kilomita ya mtoto wa miaka sita. Barabara ya Mombasa kwenda Malindi inakata mitaa katikati. Mstari ukimvusha mtoto barabara ile bila daraja la miguu, mzazi atakataa na atakuwa na haki. Likoni na kisiwa vinatazamana, lakini kuna feri. Panapohitajika tuktuk ya kwenda na kurudi kila siku, elimu ya bure imeshakuwa si ya bure. Na kuna chuo. Watoto wetu wengi wakitoka shule wanaingia madrasa, na saa zao zimepangwa kwa umbali uliopo. Mpelekee mtoto shule upande mwingine, na alasiri yake ya chuo imekwenda. Vilevile wazazi watauliza kama huko kuna mwalimu wa IRE, na wanastahili kujibiwa kabla ya mstari kuchorwa.

Nikiulizwa, ningesema tuanze na jambo dogo zaidi ya mipaka. Kila Oktoba, kabla ya usajili, Bodi ya Elimu ya Kaunti ibandike hadharani, msikitini, kanisani na kwa chifu, idadi ya watoto, vyumba na walimu wa kila shule ya umma katika wadi. Shule yenye nafasi iongezewe walimu kwanza, vyoo virekebishwe kwanza, halafu wazazi waalikwe kuiona. Watu hawakimbilii msongamano kwa kuupenda. Wanaikimbilia shule ile kwa sababu wameona matokeo yake, na ile nyingine walipoichungulia mara ya mwisho waliona dirisha limeng'oka. Mimi mwenyewe nimemwambia jirani yangu apeleke mwanawe shule ya karibu, na jibu lake lilikuwa fupi: "Huko walimu wako wangapi?" Sikuwa na pa kulipata jibu hilo.

Usajili wa mwaka ujao haujafungwa. Mwenye mtoto wa PP1 aulize maswali matatu langoni: darasa litakuwa na watoto wangapi, walimu wa TSC ni wangapi, na je, mtoto akifika Gredi ya Kwanza ana uhakika wa kubaki hapo.