Msumari mguuni, mdomo unafunga: pepopunda inakata nini kwenye neva zako?

Msimu wa kilimo Singida Mjini unaujua. Mtu yupo shambani kwake Mtamaa, samadi imeshamwagwa, alizeti inasubiri kupandwa, na miguuni kavaa ndala. Anakanyaga msumari, anapangusa damu, anaendelea na kazi. "Kidonda kidogo tu."

Siku 8 baadaye taya linakaza na mdomo haufunguki. Hiyo ni pepopunda.

Sasa jiulize, kidonda cha mguuni kinafungaje mdomo? Jibu ni protini moja ndogo sana.

Neva zinatumaje ujumbe?

Mwishoni mwa kila neva kuna vifuko vidogo mno vyenye kemikali za ujumbe. Vimesogezwa hadi ukutani na kushikwa na protini zinazojisokota kama kamba. Ile ya upande wa kifuko inaitwa sinaptobrevini.

Vifuko hivyo havifunguki hovyo, vinasubiri kalsiamu. Umeme wa neva ukifika, milango inafunguka na kalsiamu inaingia. Protini nyingine, sinaptotagmini, inaidaka na kutoa ruhusa. Kamba inakaza, kifuko kinaungana na ukuta, ujumbe unamwagika. Yote hayo hayafikishi hata sekunde 1.

Boda ikikukosakosa barabarani, seli za tezi zilizo juu ya figo, ambazo ni ndugu wa neva, zinamwaga adrenalini kwa mtindo huohuo. Ndiyo maana moyo unakwenda mbio.

Utafiti wa vifuko hivi uliwapa James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof Tuzo ya Nobel mwaka 2013.

Mkasi wa pepopunda

Bakteria wa pepopunda hujificha kwenye udongo na kinyesi cha mifugo. Kwa hiyo shida siyo kutu ya msumari, ni uchafu ulioingia nao. Ndani ya kidonda kirefu kisicho na hewa, bakteria wanaamka na kutengeneza sumu.

Sumu inapanda kupitia neva hadi kwenye uti wa mgongo. Huko inaingia kwenye neva za breki, zile zinazoiambia misuli "legea", na kuikata sinaptobrevini kama mkasi.

Kalsiamu inaingia kama kawaida, lakini kamba imeshakatwa. Neno "legea" halitoki. Misuli inakaza kuanzia taya, shingo, mgongo, hadi ile ya kupumulia. Hapo ndipo mtu anapoteza maisha.

Sumu ikishaingia ndani ya neva, dawa ya kuizima haiifikii tena. Kinga inatakiwa iwepo kabla.

Ufanye nini?

- Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni. Usipake samadi, majivu wala udongo.
- Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usisubiri dalili. Mara nyingi huja kati ya siku 3 na 21.
- Mjamzito, usikose chanjo ya kliniki. Inamkinga na mtoto pia.
- Mtoto apate chanjo zake za wiki ya 6, 10 na 14.

Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuitokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tishio la afya ya jamii. Lakini bakteria bado wapo kwenye udongo, na nguvu ya chanjo hupungua kadiri miaka inavyokwenda.

Kina mama hukumbushwa kliniki. Wewe kaka unayeshika jembe, huenda mara ya mwisho kuchanjwa ulikuwa bado unabebwa mgongoni.