Nani Atashika Simu Ukisema Shida?

Unakumbuka ile usiku ya strungi? Ilikuwa mwisho wa Machi 2020, kafiu imeanza juzi tu, karao wako mtaani na rungu, na kila mse amejifungia keja anahesabu unga imebaki ngapi. Usiku wa manane simu zikaanza kulia. Western, Nyanza, Rift, mpaka huku Nairobi. Stori ilikuwa ati kuna mtoi amezaliwa mahali, kutoka tu hivi akaanza kubonga, akashow watu wakunywe strungi bila sukari kabla kukuche ndio Corona isiwaguze, alafu akadedi. Mahali ni wapi? Hapo sasa. Kila mtu alikuwa na hosi yake. Lakini masufuria ziliwekwa moto. Shosh wa ushago alipigia mathe, mathe akapigia kijana yake amekwama Kayole, kijana akagongea jirani, na jirani mwenye hakuwa na majani akaenda kukopa.

Kesho yake tao yote ilikuwa inacheka. Mimi sikuona jokes. Strungi haijawahi ua mtu, na ukiwa na uoga, kikombe ya moto si kitu mbaya. Chenye kilinibamba ni vile hiyo maneno ilisafiri. Hakuna studio, hakuna bango, hakuna pesa ya tangazo, na bado iliamsha watu kutoka mpaka wa Busia hadi ploti za Eastlando kabla jogoo awike. Wiki hizo hizo waziri wa afya, Mutahi Kagwe, alikuwa anasimama kwa TV na suti safi anasoma namba za siku. Tangu atangaze ile kesi ya kwanza, 13 Machi, watu walimskiza sana, hata mistari yake ikakuwa memu. Lakini hakuna mse aliamka saa nane ya usiku ju ya Kagwe. Kagwe hakuwa na namba yako. Mathe alikuwa nayo.

Wasee wa afya wakikaa kwa mikutano za hoteli husemanga shida ni habari feki. Nakataa kidogo. Feki ni feki, sawa, lakini hakuna mtu huingia box ju stori ni tamu peke yake. Unaingia box ju imeletwa na mtu alikulipia fisi, mtu alikukalia usiku ukiwa na malaria. Utaanzaje kumwambia alete ushahidi? WhatsApp nao walijaribu. Aprili 2020 waliamua meseji yenye imeforwadiwa sana haiwezi tumwa tena kwa machati tano mara moja, ni moja moja tu. Hiyo ilisaidia kupunguza mbio. Lakini usiku wa strungi wengi walikuwa wanapigiana kawaida, kwa mulika mwizi, ile simu yenye haijui hata intaneti ni nini. Utawekaje breki kwa shosh?

Na si strungi tu hupita kwa hiyo njia. 2014 maaskofu wa Katoliki walitoka wakasema chanjo ya pepopunda imewekwa homoni ya kuzima uzazi wa wamama. Wizara ikakataa, Shirika la Afya Duniani likakataa, lakini nenda leo kwa foleni ya kliniki uulize, utapata mtu bado anaibeba kama iko fresh. Oktoba 2019 chanjo ya HPV ikaingia, ya wasichana wa miaka kumi, hicho kirusi ndicho huleta karibu kesi zote za kansa ya mlango wa kizazi. Stori ikavaa nguo mpya, ikaingia kwa magrupu za wazazi: watoi wetu hawatazaa. Mzazi mwenye aliuliza swali poa kabisa, kwa nini miaka kumi, kwa nini wasichana peke yao, mara nyingi alijibiwa na bango. Bango haibongi. Ukiiuliza swali inakuangalia tu, tena imetabasamu.

Sasa turudi base, ju huko ndio mambo huivia. Kaa na mbogi yoyote ya wasee wa miaka ishirini, utashika haraka kitu gani wanaogopa. Ni ball. Mdudu, yaani HIV, ni stori ya mbali, ball ni stori ya miezi tisa na mbuyu ya mresh akiwa kwa geti. Ndio maana P2, ile tembe ya dharura ya kuzuia ball, inajulikana mtaani kuliko jina ya diwani. Na ndio maana kuna mavidio za TikTok za kila aina ya uchawi: kunywa soda na tembe fulani, ruka mara kadhaa, kunywa maji ya chumvi. Jaba tupu. Wacha nikuchapie straight, ju bango haitakuambia. P2 inafanya wera kwa kuchelewesha yai kutoka, so kila saa unayopoteza inahesabika, na mwisho wake wa kutegemea ni saa 72. Yai ikiwa imeshatoka, umechelewa. Haikingi mdudu hata kidogo. Ya mdudu, kama umeingia risk, inaitwa PEP. Hiyo pia ni ndani ya saa 72, unapewa hosi, na unameza siku 28 bila kuruka. Kuna PrEP nayo, ya kumeza kabla ya risk, gava iliizindua 2017 na ile slogani ya Jipende JiPrEP. PrEP haizuii ball. P2 haizuii mdudu. CD, yaani kondomu, inajaribu zote mbili, na bado kuna chali ataenda kemisti anunue chuingam ju amepata jirani kwa kaunta.

Enyewe kuna watu walijaribu kubonga na sisi vizuri. 2009 Shuga ya MTV ilishutiwa hapa Nairobi, Lupita Nyong'o akiwa ndani kama Ayira, kabla Hollywood imjue. Ilibonga maneno ya sponsa na mdudu bila kuhubiri, na watu waliitazama ju ilikuwa na sherehe, luku na drama. Shida moja tu: ilikuwa ya wale wako na TV poa na saa.

2013 nayo kukawa na ile tangazo ya kondomu na mpango wa kando, wamama wawili sokoni wanashauriana. Viongozi wa dini wakapandisha, ikatolewa hewani. Maze, mpango wa kando wenyewe haukutolewa.

Kwangu mimi, wenye walikaribia zaidi ni Shujaaz. Hiyo katuni ilianza Februari 2010, ndani ya gazeti ya Jumamosi na kwa vibanda za M-Pesa, bure kabisa. Hero alikuwa Boyie, chali amemaliza shule hana job, ameunda stesheni ya redio ya magendo kwa keja yao na anarusha stori. Wengine walikuwa Maria Kim, Malkia na Charlie Pele. Sheng yake ilikuwa ya ukweli, si ile ya matangazo ya benki yenye inaskika kama odijo amejaribu kuvaa kofia nyuma mbele. Walichukua Emmy ya kimataifa mara mbili, 2012 na 2014. Lakini kitu ilinimaliza ni kwamba watoi walikuwa wanamwandikia Boyie, kwa esemesi na Facebook, mtu wa kuchorwa, na Boyie anajibu. Mtu anauliza kuku zangu zinakufa, mwingine anauliza manzi yangu amechelewa siku zake. Kulikuwa na mtu nyuma ya katuni anasoma.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, ju kuna stori ingine watu wachache mtaani wanaijua, na ilifanyikia hapa hapa Pumwani.

Kati ya 2007 na 2008, daki mmoja wa Kanada anaitwa Richard Lester, na wenzake wa hapa, waliandikisha watu 538 wenye walikuwa wanaanza ARV, kwa kliniki za Nairobi, hii ya Pumwani ikiwemo, na ingine Kajiado. Karibu nusu waliendelea na matibabu ya kawaida. Wengine wakawa wanatumiwa esemesi moja kila wiki. Imeandikwa: Mambo? Basi, imeisha hapo. Haisemi umemeza dawa, haitaji mdudu, haina jina ya hosi. Simu ikishikwa na mpoa wako ama landilodi, ataona tu kuna mtu anakujulia hali. Hata mwenye hakuwa na simu yake angetumia ya jirani bila kuchoma. Ulikuwa na siku mbili za kujibu. Unaandika Sawa, ama unaandika Shida. Ukisema Shida, mhudumu wa kliniki anakupigia. Ukinyamaza, anakupigia pia.

Baada ya mwaka moja wakahesabu. Kwa wale wa Mambo, 62 kwa mia walikuwa wanameza dawa vile inafaa. Kwa wale wengine, 50 kwa mia. Unaweza sema watu hudanganya wakiulizwa. Sawa, wakapima damu. Virusi zilikuwa zimezimwa kwa 57 kwa mia ya wenye walitumiwa esemesi, na 48 kwa mia ya wenye hawakutumiwa. Dawa zilikuwa zile zile, foleni zile zile, umaskini ule ule. Ikachapishwa kwa jarida la Lancet, 2010.

Sasa cheki vile dunia ilishika hiyo stori. Kila mtu aliona esemesi. Wadosi wa teknolojia wakasema kumbe simu inaponya! Miaka zilizofuata tao ikajaa app za afya, kila shindano la makoda linazaa yake, na mingi ilikuwa ya kukutumia vitu: kumbusho, ushauri, picha ya mboga. Ni Kagwe mdogo ndani ya mfuko yako. Wachache waliangalia ile sehemu ya pili ya Pumwani, ile haina kung'aa: mtu analipwa mshahara akae na orodha, aangalie nani amesema Shida na nani amenyamaza, achukue simu apige. Esemesi ni bei ya pipi. Huyo mtu ndiye ghali, na ndiye kila bajeti huanza kumkata.

Kama unadhani naongeza chumvi, rudi Januari 2025. Trump aliapishwa tarehe 20, siku hiyo hiyo akasaini karatasi ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kwa siku chache maagizo ya kuacha kazi yakafika hadi huku. Kliniki zenye zilikuwa zinategemea doh ya Marekani zikafunga mlango, zingine zikarudisha wafanyikazi nyumbani, na kati ya wenye walitumwa nyumbani ni wale wale wa kupigia watu simu: wahudumu wa rika, washauri, wenye wanajua ni nani amehama ploti na ni nani anaficha dawa kwa unga. Vidonge zingine zilikuwa kwa stoo. Mse wa kukuuliza mbona hujakuja, huyo ndiye alienda kwanza. Na simu haikunyamaza, usijali. TikTok iliendelea vizuri, na kwa hiyo kimya ya wahudumu, wauzaji wa mitishamba ya kuponya kila kitu walipata uwanja bila refa.

Kuna jaribio moja ya kinyumbani naiheshimu, hata kama gava hunichosha. Septemba 2023 walizindua wahudumu wa afya ya jamii laki moja, wale mnaita CHP. Kila mmoja akapewa begi ya vifaa na simu ya kuandikia data, na keja kama mia moja za kuangalia. Wengi ni wamama wa mtaa. Hiyo ni akili, ju umechukua mtu tayari ana namba yako, tayari alijua mathe yako, ukamfunza kupima presha na sukari. Wa kwetu ni mathe mmoja wa kibanda ya mboga. Chanjo za watoto wa ploti yote anazo kichwani, na akikuuliza umeamkaje unajikuta unajibu ukweli kabla ukumbuke kudanganya. Stori ikizuka kwa grupu ya ploti, ya tangawizi, ya chanjo, ya P2, watu siku hizi wanaitupa hapo alafu wanangoja avue aproni ya mboga ajibu kwa voisi. Yeye habishani na mtu. Anasema, huyo mtoto wako ana joto? Basi kuja naye.

Juu ya simu yenyewe, alinishow mara moja vile inafanya. Anajaza nani ni mjamzito, nani anakohoa wiki mbili, nani hajaenda kliniki, na hiyo data inapanda juu huko kwa mfumo wa kaunti. Nikamuuliza nini hushuka. Akacheka, akaendelea kufunga sukuma.

Posho yake ni thao tano kwa mwezi, nusu ya gava kubwa, nusu ya kaunti, na kuna miezi inachelewa mpaka anaanza kusahau ilikuwa ya nini. Gawa kwa keja mia moja. Ni finje kwa keja, mwezi mzima, ya mtu wa kugonga mlango na kuuliza mambo. Bando ya wiki moja tu ya kuangalia vidio inapita hiyo.