Tumbo la Mtoto Likivimba, Picha Hueleza Nini?

Leo tuzungumze juu ya tumbo la mtoto.

Unapomwogesha mtoto, je, umewahi kugusa kitu kigumu upande mmoja wa tumbo? Pengine anacheza na kula vizuri. Jirani atakuambia ni minyoo. Utanunua dawa, tumbo lisipungue, ununue nyingine, na siku zinapita.

Mama, donge gumu lisilopungua si la kutibiwa kwa kubahatisha. Huenda likawa uvimbe wa Wilms, saratani ya figo inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Mara nyingi hauumi. Wengine hukojoa damu.

Ufanye nini? Mpeleke kituo cha afya mara moja. Usiseme tu "tumbo limejaa." Sema, "Nimegusa uvimbe," na uonyeshe mahali. Uliza kuhusu barua ya kwenda hospitali kubwa kupigwa picha.

Kipimo cha kwanza huwa altrasaundi. Mtoto hupakwa jeli tumboni, kisha kifaa kidogo hupitishwa juu ya ngozi. Hakuna sindano wala maumivu. Kifaa hutuma mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, na mwangwi wake huwa picha. Daktari huona kama uvimbe ni maji au nyama, na kama umetoka kwenye figo, ini au wengu.

Baadaye anaweza kuagiza skani ya CT, inayotumia eksirei. Hiyo huonyesha uvimbe umefika wapi, hali ya figo ya pili, na kama mapafu yameguswa. Mtoto mdogo huenda akapewa dawa ya usingizi ili atulie. Jina kamili la ugonjwa huthibitishwa maabara.

Watoto wengi wanaofika mapema na kumaliza dawa na upasuaji hupona. Mtu anaweza kuishi vizuri na figo moja.

Kumbuka haya:

1. Usilikande tumbo hilo wala kulichanja. Uvimbe unaweza kupasuka na kuenea.

2. Usiiweke barua ya hospitali kabatini kwa kukosa pesa. Jiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, na umwone afisa wa ustawi wa jamii hospitalini.

3. Usikatize matibabu tumbo likipungua.

Leo jioni ukimwogesha, mpapase tumbo polepole. Kwaheri hadi kipindi kijacho.