Mafuta ya Taa ya Kupima na Vifua vya Watoto wa Mashimoni

Ikifika saa moja jioni katika kijiji cha Mashimoni, Kibera, stovu za mafuta ya taa huwashwa karibu kwa pamoja. Chumba ni futi kumi kwa kumi, ukuta wa udongo au mabati, dirisha ni dogo au halipo. Humo humo mna kitanda, mna mtoto anayemalizia kazi ya shule, mna sukuma wiki motoni na maji ya ugali yanayongoja zamu yake. Mapishi yakiisha, mama huibeba stovu hadi mlangoni kabla ya kuizima, maana utambi ukizimwa hufuka moshi mweupe mzito unaochoma macho. Hata hivyo moshi wenyewe hauna pa kwenda: mlango wa jirani uko hatua mbili tatu tu.

Lakini moshi unaoonekana ni sehemu tu ya tatizo. Ndani yake mna chembe ziitwazo PM2.5, zenye upana usiozidi mikromita 2.5, takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Pua na koo hazizizuii. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zile ndogo kabisa huingia kwenye damu. Kwa sababu hiyo moshi wa jikoni huhusishwa na nimonia ya watoto, na pia kiharusi na maradhi ya moyo kwa watu wazima. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 kati yao wakiwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

Hewa ya Nairobi imeshapimwa. Watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha APHRC, akiwemo Kanyiva Muindi, waliweka vifaa vya kupimia hewa ndani ya nyumba za mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani. Matokeo yao ya 2016 yalionyesha wastani wa mikrogramu 108.9 za PM2.5 kwa mita ya ujazo Korogocho, na 59.3 Viwandani. WHO inataka zisizidi 15 kwa siku nzima. Anayeishi Mashimoni au Kawangware hahitaji kuelezwa nyumba hizo zikoje, ndizo anazolala.

Utafiti unaostahili kusomwa na kila mzazi ni Tupumue, uliochapishwa 2023. Ulilinganisha wanafunzi 2,373 wa mitaa miwili inayopakana: Mukuru, mtaa wa mabanda, na Buruburu yenye nafuu. Waliokuwa na tatizo la kifua kupiga miluzi walikuwa asilimia 9.5 Mukuru na 6.4 Buruburu. Kwa walioambiwa na daktari kwamba wana pumu, hesabu inageuka: asilimia 1.2 Mukuru, 2.8 Buruburu. Yaani watoto wa Mukuru wanaugua zaidi lakini hawatambuliwi, na asiyetambuliwa hapewi dawa. Hilo ni kosa la kututia aibu. Utafiti huo uliwanyooshea kidole pia watu wazima wanaovuta sigara nyumbani, dawa za mbu za kuchoma na taka zinazochomwa karibu na makazi.

Kwa nini basi watu wasihamie gesi? Wengi wangependa. Mafuta ya taa hupimwa ya shilingi hamsini na makaa huuzwa kwa mkebe, ilhali mtungi wa meko hujazwa kwa pesa taslimu za mara moja. Serikali nayo imevuta huku na huku: Septemba 2018 iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, kisha Julai 2021 ikarudisha kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye gesi. VAT hiyo iliondolewa 2023.

Mukuru kwa Reuben kuna jibu lililojaribiwa. Mtungi hufungwa mita, na mteja hununua gesi kidogo kidogo kwa simu. Korona ilipofunga shughuli mwaka 2020 na vipato vikaporomoka, asilimia 95 ya familia zilizochunguzwa ziliendelea kuitumia.

Gesi ya kupimwa hivyo ifikishwe Mashimoni na Kawangware, na bei yake isiguswe tena na kodi. Nawe mzazi ambaye mwanao hukohoa usiku au kifua chake hupiga miluzi, mpeleke kliniki, na umuulize daktari waziwazi kama ni pumu.