Sambaza si ndagala: jina la samaki lina kazi gani kwetu?

Ndugu wanakoperative wa Mubi, siku ya soko tunaona mafungu ya samaki wadogo wakavu. Huyu muuzaji anaita ndagala, yule sambaza, mwingine dagaa. Je, ni samaki mmoja? Hapana.

Wataalamu hawaangalii ukubwa peke yake. Wanaangalia meno, magamba, mapezi na mifupa, kisha samaki wa ukoo mmoja wanawaweka katika kundi linaloitwa jenasi. Mwaka 1906 Boulenger aliandika habari za samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika, akamtia katika jenasi Pellonula. Mwaka 1917 Regan akamtoa humo, akamfungulia jenasi yake, Limnothrissa. Mwaka huohuo akatambulisha jenasi nyingine, Stolothrissa. Kila moja ina aina moja tu ya samaki. Limnothrissa ndiye sambaza wetu. Stolothrissa ndiye ndagala wa Uvira na Bujumbura. Dagaa wa Ziwa Victoria ni mwingine kabisa: yeye yuko karibu zaidi na karpu kuliko hao wawili.

Tofauti hiyo ilionekana wazi Ziwa Kivu. Kati ya 1958 na 1960, vitoto vya sambaza na ndagala vilitolewa Tanganyika vikamwagwa Kivu, juu katikati ya ziwa hakukuwa na samaki wa kula vidudu vidogo vya majini. Aliyeshika ni sambaza peke yake. Yeye hutagia karibu na ukingo na hula vitu vingi. Ndagala ni samaki wa maji ya katikati. Leo sambaza inauzwa Goma na Bukavu. Lakini vile vidudu vilipungua sana, na aina moja ikapotea.

Sisi wenye mabwawa tushike nini?

- Ukinunua vitoto vya tilapia, uliza ni tilapia gani. Oreochromis niloticus hukua haraka. Coptodon rendalli hupenda majani. Wote wanaitwa tilapia, ila chakula chao si kimoja.
- Muuzaji asiyejua alipotoa mbegu yake, muache kwanza.
- Usimwage samaki wa kigeni mtoni. Maji ya Lowa yanashuka mpaka Lualaba, na samaki akiisha kuzaa huko, hakuna wa kumrudisha.